Mama, nilimsikia akisoma majina

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Bwana Yesu asifiwe sana. Wadogo zangu wote, nawasalimu kwa upendo.

Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu. Zimebaki siku tatu mwezi wetu wa huduma uishe. Dada mmoja wa timu anatangulia kurudi kesho, nami nimemwomba anibebee barua hii. Kwenye simu tumekuwa tukiongea haraka haraka na mtandao ukikatika, na kuna jambo ambalo sitaki kulisimulia vipande vipande.

Baba, siku ya kuagana uliniuliza kama kweli nasafiri mbali hivi kwenda kugawa miwani. Nilikosa jibu la kukupa. Sasa ninalo.

Mtu akikaribia miaka 40 au akiipita kidogo, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa. Ya mbali anayaona vizuri, ila maandishi ya karibu yanamkimbia. Anasogeza kitabu mbali, kisha mbali zaidi, mpaka mkono unafika mwisho. Hapa tumekuta wazee wa kanisa waliokwisha kuziweka Biblia zao kabatini, wakiamini kwamba uzee umeshawachukulia kusoma. Kumbe anachohitaji mtu ni kukalishwa penye mwanga, akapewa kadi ya maandishi umbali wa kama sentimita 40, akajaribishiwa miwani namba moja baada ya nyingine mpaka herufi zitulie. Asiyejua kusoma tunampa sindano na uzi. Akitunga, tumemaliza.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mwanzoni nilikuwa nawapa watu namba kubwa kwa sababu waliifurahia, maana hukuza herufi palepale. Daktari wetu akanionya: namba iliyozidi humlazimisha mtu kukisogeza kitabu karibu mno, na baada ya muda kichwa kinamgonga. Anza na ndogo, alikuwa akisema kila asubuhi, mpaka nikawa naisikia hata usingizini.

Katika wiki ya pili akaja mama mmoja, mzee kuliko bibi. Hakuitaka kadi yetu. Alikuwa amekuja na Biblia yake imefungwa kwenye kitambaa, na kupitia mkalimani akasema atajua kama miwani inafaa akiisoma hiyo. Tukajaribu moja na nusu, akatikisa kichwa. Mbili, akanyamaza. Mbili na nusu, akaanza kufunua kurasa kuelekea mwishoni, akapita Injili zote, akapita Matendo, akasimama. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari.

Lugha yao siijui. Nikabaki nimeshika boksi la miwani, nasikiliza bila kuelewa. Ghafla nikasikia Priska. Nikasikia Akila. Kisha Mariamu, kisha Androniko. Mama, nywele zilinisimama. Alikuwa anasoma Warumi 16, zile salamu ndefu za Paulo, na kwa kuwa majina hayabadiliki sana kutoka lugha hadi lugha, nilikuwa namfuata hatua kwa hatua kana kwamba tumeketi kwenye benchi moja kanisani. Trifaina na Trifosa. Rufo na mama yake. Hakuruka hata jina moja, na ni majina zaidi ya 20. Foleni nzima ilinyamaza.

Alipomaliza nilimwomba mkalimani amuulize kwa nini sura hiyo. Akajibu kwamba miaka yote asiyoweza kusoma alikuwa akisomewa, na watu humsomea Zaburi na Injili, na hilo analishukuru. Lakini hakuna anayemsomea mtu majina. Naye alitaka kujua kama wale watu bado wapo mahali pao.

Nimeliwaza neno hilo kila siku tangu hapo.

Si siku zote zilizokuwa hivyo. Alikuja mzee mmoja ameshikwa mkono, daktari akammulika macho kwa muda mrefu kisha akakaa chini. Presha ya macho ilikuwa imeharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukishakufa haurudi. Hatukuwa na miwani ya kumpa, na hakuna aliye nayo duniani. Daktari akamweleza kwa upole, akaongeza kwamba ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo, hivyo watoto na ndugu zake wapimwe. Nilidhani ataondoka na uchungu wake. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni, na nyuma yake wanawe na ndugu zake wawili. Ndugu yake mmoja alikutwa presha ya macho imepanda naye bado anaona vizuri, akaandikiwa barua ya kwenda hospitali ya macho, ambako kuna dawa ya matone ya kuizuia. Yule mzee alisimama pale ukutani mpaka wote walipokwisha kupimwa. Huyo nitamkumbuka maisha yangu yote.

Mkalimani wetu ni binti wa rika langu, naye amenifundisha kuomba upya. Siku ya kwanza nilimwombea mgonjwa kwa sentensi ndefu ndefu kama nilivyozoea, yule dada akapotea katikati, akanigusa bega. Tangu hapo naomba maneno machache, nanyamaza, anatafsiri, naendelea. Katika ule ukimya ndipo nilipoanza kusikia watu wanavyoitikia, na nikajua wanachokililia hasa.

Baba, ulitusimulia habari za William Carey, yule fundi viatu aliyefika India mwaka 1793 na kukaa miaka 7 kabla ya kumbatiza Mhindi wa kwanza mwaka 1800. Nikiuweka mwezi wangu karibu na miaka ile, naona wazi kwamba kazi ni ya mchungaji wa hapa na watu wake. Wao ndio watakaomfuata yule ndugu ili aendelee na matone yake. Wao ndio watakaojua nani miwani yake imevunjika. Sisi tulikuja kuwashika mkono, na ningewasihi wote wanaopanga safari kama hizi wafike wakiwa wamekwisha kuwauliza wenyeji wanahitaji nini. Hapa ni kanisa lenyewe lililoomba miwani.

Mama, usiwe na wivu, lakini nimepata mama mwingine. Mwenyeji wangu hunisubiri nirudi hata tukichelewa, na taa ya nje haizimi. Paulo alipomsalimu Rufo alimsalimu na mama yake, akasema ni mama yake pia. Nilikuwa nikiupita mstari huo tangu utoto. Sasa nikiufikia, nasikia mlango ukifunguliwa usiku.

Inasadikika kwamba waraka ule ulibebwa na dada Fibi wa Kenkrea, na Paulo aliwaomba wampokee vizuri. Nami nawaomba mumpokee huyu dada anayewaletea barua. Amefanya kazi kuliko sisi wote, naye hatawaambia.

Mama mwenyeji wangu anawasalimu. Mchungaji anawasalimu. Mkalimani anawasalimu, na anauliza kama mdogo wangu wa mwisho ameshapona mguu. Yule mzee na ndugu zake wanawasalimu. Yule mama wa Warumi 16 aliniomba nimwandikie majina yenu wote kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na jana amenionyesha ameiweka kwenye sura ileile.

Mwanenu awapendaye.