Wakimbizi wafundishwe kutibu wenzao

Mhariri,

Naomba nafasi nami nitoe la moyoni. Huku kwetu Kigoma suala la wakimbizi likizungumzwa utasikia kuni, mahindi, ulinzi na lini watarudi kwao, basi. Vichwa vya hao watu hakuna anayevitaja, wakati kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996 na ndani yake kuna waliofungwa kamba wakapigwa, kuna walioshuhudia ndugu zao wakiuawa Kongo na Burundi. Mtu miaka na miaka hapati usingizi, geti likibamizwa anaruka, na sisi tunamwambia yaliyopita si ndwele. Kwake ni ndwele jamani!

Kuna utafiti nashangaa hausemwi wakati ulifanyika hapo jirani tu, kambi ya Nakivale, Uganda. Mwanasaikolojia Frank Neuner na wenzake kutoka Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwachukua wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali wenye ugonjwa wa kiwewe, matokeo yakatoka 2008. Waliotibu hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida humohumo kambini waliopewa mafunzo mafupi.

Tiba yenyewe wala haina mashine. Kamba inatandazwa chini, hiyo ndo maisha yako tangu kuzaliwa, unaweka ua pale ulipofurahi, ndoa labda au mtoto, na jiwe pale palipokuumiza. Halafu mnalirudia jiwe mojamoja, ulikuwa wapi, ulisikia harufu gani, mwili ulikuwaje, na sasa hivi unavyosimulia unajisikiaje. Kaunsela anaandika, mkikutana tena anakusomea na wewe unasahihisha. Maana kumbukumbu za mateso zinakaa vipandevipande bila tarehe, ndo maana mwili unadhani bado mambo yanatokea leo.

Baada ya miezi kadhaa, asilimia 70 ya waliotibiwa hivyo hawakuwa tena na ugonjwa, wasiotibiwa ni 37 tu. Waliopewa ushauri wa kawaida walifika 65, kwa hiyo tusiiabudu hiyo kamba, ila kwenye ushauri wa kawaida asilimia 21 waliacha njiani na kwenye tiba ya kusimulia 4. Mimi ninachokiona hapo ni kwamba kazi ilifanywa na mtu wa kambini anayejua lugha yako. Najua haimalizi yote, mtu asiyejua kesho atakuwa nchi gani hawezi kutulia hata umtibu vipi.

Sasa wahusika wanangoja nini? Vijana waliomaliza sekondari wamejaa humo kambini hawana kazi, wanaongea Kiswahili, Kibembe, Kirundi, wafundishwe, awepo na mtaalamu mmoja wa kuwasimamia na kuwapokea wale walioshindikana. Na kitafutwe chumba chenye mlango, maana kwenye yale mabanda jirani anasikia kila kitu na hakuna mwanamke atakayesimulia alichofanyiwa huku shemeji yake yuko upande wa pili wa turubai.

Msomaji wenu,
Kasulu