Wati za uongo kwenye vifaa vya sola

Mhariri,

Naandika kuhusu taa za sola zinazouzwa Kikuubo, eneo la maduka jijini Kampala, na katika masoko ya wilayani zikiwa zimebandikwa wati zisizokuwepo. Utakuta paneli ya sentimita 30 kwa 30 imeandikwa wati 100. Haiwezekani. Jua kali la mchana huleta takriban wati 1,000 katika mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama moja ya tano tu kuwa umeme. Kipande hicho, hata kikiwa kipya, hakifiki wati 20.

Mnunuzi wa kijijini, ambaye huenda ameuza mbuzi ili ainunue, hana pa kuyajulia hayo. Taa inazimika saa mbili usiku, mtoto hajamaliza kusoma, kisha mwenye duka anamwambia ameifunga vibaya! Hilo linaniudhi kuliko hata hasara yenyewe.

Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, lipime paneli zinazoingia nchini na kuzikamata zenye lebo za uongo. Wenye maduka nao walazimishwe kutoa risiti yenye dhamana, ikionyesha taa itawaka kwa muda gani betri ikijaa.

Msomaji wenu,
Mbale