Mifuko yenye ukungu wa kijani

Habari za jioni wanakikundi. Nimepita bandani leo, mifuko minne ya uyoga imeshika ukungu wa kijani, yote ya kona ya mlangoni. Wa zamu aitoe kabla ya kesho asubuhi, ifukiwe mbali. Tafadhali msiifungulie humo ndani, lile vumbi la kijani ndiyo mbegu zake.

Dada mmoja aliniuliza mbona uyoga hautaki jua. Uyoga haujipikii chakula kama mahindi. Zile nyuzi nyeupe mnazoziona zikitambaa mfukoni hutoa vimeng'enya, mabua tuliyojaza mfukoni yanayeyushwa hukohuko nje, ndipo zinafyonza. Mamama huu, yaani uyoga tunaoulima, unamaliza hata ule ugumu wa bua, ndiyo maana mfuko uliokwisha kuvunwa ukiushika ni mwepesi na umelainika. Ukungu wa kijani nao unataka mabua hayohayo, na una mbio kuliko sisi. Tukichemsha mabua nusunusu (wiki ile kuni ziliisha, tunajuana) tumeukaribisha.

Uyoga ulioota shinani mwa ule mparachichi unaonyauka msiuchume, si mamama. Kuna kuvu wanaokula mizizi ya mti ungali hai.

Jumamosi saa 2 asubuhi tunachemsha upya. Kila mtu aje na kuni.