Wingu la Kibirizi

Mwanangu,

Salamu kutoka Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Sisi huku wazima, kifua cha baba yako kimetulia, na usiku wa giza usio na mwezi umerudi, kwa hiyo dagaa wanapatikana.

Juzi ulipopiga simu sikukujibu vizuri. Ulisema umepata alama mbaya, na kabla sijauliza ni somo gani ukawa umeshajiita mjinga, mzembe, mzigo kwa wazazi. Majina matatu kwa mtihani mmoja! Halafu ukamcheka yule mshauri wa chuoni aliyewaambia mkae mtazame pumzi na mawazo yenu bila kuyahukumu. Mambo ya Wazungu, ulisema. Ni kweli Jon Kabat-Zinn, msomi wa Marekani, alianza kuyafundisha hospitalini kule Massachusetts mwaka 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, lakini naye aliyachota kwa Wabudha. Mimi nilifundishwa na wingu.

Sijawahi kukusimulia hasara ya mwaka ule ulipokuwa darasa la sita. Nilianika dagaa wa mkopo, ndoo kumi na nane. Saa nane mchana wingu likasimama upande wa Kongo, jeusi. Moyo wangu haukuona wingu. Uliona deni, ukamwona mwenye pesa yake mlangoni, ukakuona wewe umerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Nikapiga kelele, tukazoa dagaa mbiombio wangali laini tumboni, tukawasindilia kwenye magunia. Kijana aliyekuwa akinisaidia nikamtukana kwamba anajikokota, kumbe alikuwa amekanyaga msumari. Wingu likageuka, likaenda kunyesha ng'ambo. Kwetu halikudondoka tone. Kesho yake nilipofungua gunia la kwanza mkono ulikutana na joto, kisha ikaja harufu.

Siku hizi wingu likisimama nasema kimoyomoyo: wingu. Kifua kikibana nasema: hofu ipo. Basi. Sijiambii "acha woga", maana hapo nitakuwa nimefungua kesi nyingine. Nachukua dagaa mmoja namvunja: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado. Naangalia upepo unatoka wapi. Mvua ikianza nazoa, sikai kama gogo. Wapo wanaodhani kutohukumu ni kuridhika na lolote. Hao hawajawahi kudaiwa.

Si kwamba nimeiva. Jana tu nimemfokea mteja kwa sababu alishika dagaa wangu mara tatu bila kununua.

Boti za kwenda Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, si zinaondokea hapa hapa kwetu? Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alipofika kule Julai 1960 alikuwa na miaka 26, hana shahada, na sokwe walimkimbia kwa miezi. Akawa anakaa kilimani na darubini yake, anaandika alichokiona. Siku moja akamwona sokwe anachomeka unyasi kwenye kichuguu, anautoa umejaa mchwa, anawala. Wataalamu walikuwa wameshaamua kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Angepanda kilima na hukumu yao mfukoni, angeona mnyama anachezea majani.

Sasa fanya hivi. Ile karatasi ya mtihani itoe ulikoificha, maana nakujua umeificha, uisome tena ukiwa umekaa na umekula. Uso ukipata moto, uache upate moto. Ni maswali gani yalikushinda? Usiku ule ulilala saa ngapi? Niandikie hayo, yale majina matatu sina haja nayo.

Alhamisi nakutumia dagaa kwa basi, pamoja na chupa ya mawese. Ifunge mifuko miwili, mara ile ilimwagikia nguo za mwenzako.

Mama yako