Barua ya wazi kwa wazazi wa watoto mastaa

Wanangu,

Nimevumilia nimeshindwa. Mtoto wa miaka mitano anaamshwa usiku arudie kulia mbele ya simu, eti machozi ya kwanza hayakuonekana vizuri. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na aliyeshika simu ni mama mzazi.

Someni habari za Shirley Temple. Alizaliwa California mwaka 1928, akaanza kuigiza akiwa na miaka mitatu. Katika filamu zile za mwanzo, mtoto msumbufu alifungiwa ndani ya kijichumba cheusi, akakalishwa juu ya pande la barafu mpaka ashike adabu. Kuanzia 1935 hadi 1938 hakuna mwigizaji aliyejaza majumba ya sinema ya Marekani kumshinda yeye. Studio ikampunguzia umri mwaka mmoja. Siku aliyodhani anatimiza miaka 12, ndipo akaambiwa ni 13.

Lakini ninalotaka mnisikilize ni fedha. Yule mtoto alichuma zaidi ya dola milioni 3. Alipokuwa mtu mzima akauliza akiba yake, akakuta zimebaki kama dola 44,000. Baba yake alikuwa mtu wa benki! Mahakama ilikuwa imeagiza sehemu ya mapato iwekwe kwa ajili yake, haikuwekwa. Shirley hakuwashtaki wazazi wake. Jackie Coogan, aliyetamba utotoni katika filamu pamoja na mchekeshaji Charlie Chaplin mwaka 1921, yeye alimshtaki mama yake na baba wa kambo mwaka 1938, akaambulia dola 126,000 tu kati ya mamilioni. Kesi ile ikazaa sheria ya California ya 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, na tangu mwaka 2000 asilimia 15 ya pato la mtoto lazima iwekwe mahali ambapo mzazi haigusi.

Kwetu ukiuliza hela ya mtoto iko wapi, unajibiwa, "Kwani nani anamlisha?" Jamani! Kumlisha ni wajibu wako uliojitwika ulipomzaa. Si deni la kulipwa kwa jasho lake. Umejenga kwa hela yake, umenunua gari kwa hela yake, na hati zote zina jina lako. Akifika miaka 20 utamwonyesha nini?

Mengine mnayajua: alale mapema, asome, asidanganye umri, akisema amechoka simu izimwe.

Na sisi watazamaji hatuna usafi. Tunacheka, tunasambaza, tunadai video nyingine. Wenye biashara wanampa mtoto katoni ya juisi kwa tangazo ambalo mtu mzima angelipwa fedha taslimu, nasi tunapiga makofi.

Sisemi hamuwapendi. Mama yake Shirley alikuwa akimtengeneza nywele kwa mkono wake mwenyewe. Nasema mtoto ana maisha marefu baada ya umaarufu. Shirley aliacha filamu akiwa na miaka 22. Mwaka 1972 akasimama hadharani kueleza saratani yake ya matiti, wakati wanawake wengi waliificha. Mwaka 1974 akaenda Ghana kuwa balozi wa nchi yake. Aliishi hadi miaka 85. Huyo wako naye atataka kusoma, kuoa au kuolewa, kuanza kazi nyingine kabisa, na atahitaji mtaji.

Basi mwenye mtoto anayelipwa, Jumatatu achukue cheti chake cha kuzaliwa, aende benki, afungue akaunti kwa jina la mtoto. Malipo yajayo yaanzie humo, kabla ya tofali.

Bibi yenu