Chaja ya basi isiyo na waya haikwepi transfoma

Mhariri,

Wanaozisifu chaja za basi zisizo na waya hutaja kibao kilichofukiwa chini ya lami, kinachopitisha umeme hewani hadi kwenye basi lililosimama juu yake; transfoma hawaizungumzii. Milton Keynes, Uingereza, mabasi 8 yalianza mwaka 2014 kuchajiwa hivyo kwenye vituo vya mwisho, kwa kilowati 120. Wenatchee, Marekani, mwaka 2018 wakaweka ya kilowati 200.

Mimi nimepanda nguzo za umeme nusu ya maisha yangu, basi nikapiga hesabu. Kilowati 200 kwa volti 415 ni karibu ampea 300 kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu za umeme. Transfoma inayolisha mtaa, yenye uwezo wa kVA 315 (kilovolti-ampea, takriban kilowati), basi moja linaila thuluthi mbili! Na mzigo wenyewe, yaani umeme unaovutwa, huja kwa kishindo, hukaa dakika chache, huondoka. Taa za majirani zitayumba.

Kabla ya kuchimba barabara Nairobi, wenye mabasi waombe laini ya umeme mkubwa ya kilovolti 11 na transfoma yao wenyewe, au waweke betri kituoni ijazwe polepole usiku. Wasome pia bili: mteja mkubwa hutozwa pia kwa kilele cha mzigo wake, yaani kiwango cha juu kabisa alichovuta, hata kama kilele hicho kilikuwa cha muda mfupi tu.

Fundi umeme mstaafu,
Nairobi