Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kamera zetu za msituni, na kwanini pointi hazihami

Wanachama wenzangu habari zenu, wazee wetu shikamooni, vijana poleni na majukumu. Naituma taarifa hii kabla ya mkutano mkuu ili kila mtu afike ameshaisoma, tusije tukamaliza asubuhi nzima tunasomeana. Mambo ya pesa atayasema mweka hazina. Mimi naongelea kamera tu, maana ndo kazi iliyokula nguvu zetu nyingi mwaka huu na ndo iliyoleta mabishano makali kwenye grupu.

Mabishano yenyewe mnayajua. Tuna pointi, yaani sehemu maalum za kufunga kamera, upande wa msitu wa Mwanihana hapa Udzungwa, ambazo kadi ya picha ikitolewa unakuta majani matupu. Kamera hizi zinashtuka kitu chenye joto kikipita mbele yake, sasa jua likipiga halafu upepo ukitikisa jani lililopata joto inapiga tu, unafungua picha mpaka macho yanauma hamna hata panya buku. Wengi mmesema tuzitoe pale tuzipeleke vijitoni na kwenye njia za tembo ambako wanyama wapo. Nawaelewa kabisa, mtu umepanda mlima na betri mgongoni unataka urudi na kitu cha kuwaonyesha watu. Lakini msimamo wangu ni kwamba pointi hazihami, na naomba mnivumilie nieleze.

Mtandao wa TEAM, wale watafiti wanaofuatilia wanyama wa misitu ya tropiki kwa kamera, ulipoanza kazi hapa kwetu Udzungwa mwaka 2009 waliweka pointi 60, kama pointi moja kwa kila kilomita za mraba 2, kila kamera inakaa siku 30 wakati wa kiangazi, mwaka unaofuata wanarudi pale pale. Hawakufuata nyayo zilipo nyingi, walizitawanya msituni kwa mpangilio. Sababu yake ni hii: ukifunga kamera pale tu unapojua funo, yule swala mdogo wa msituni, anapita utampata funo kila mwaka, hata ule mwaka ambao funo wameshaisha sehemu nyingine yote ya msitu, na wewe utaendelea kuandika kwenye ripoti kwamba wapo. Pointi tupu ina kazi yake. Ikibaki tupu tunajua, ikianza kupiga mnyama tunajua kuna kitu kimebadilika, na ile iliyokua inapiga kila mwaka halafu ikanyamaza hiyo ndo inabidi tuikimbilie haraka kuliko zote tukaangalie kama kuna mitego ya waya.

Na hili sio la kufikirika. Kuna utafiti uliotoka 2015 ambao ulilinganisha Mwanihana, iliyopo ndani ya hifadhi ya taifa, na msitu wa Uzungwa Scarp ambako uwindaji ulikua mkubwa kwa miaka mingi. Ni milima ile ile, lakini kule Scarp aina za wanyama zilizonaswa zilikua chache kuliko huku. Wasingeweza kulisema hilo kama kila timu ingefunga kamera pale inapopapenda.

Kuhusu siku 30, mnyama anaweza akawa yupo na asipite mbele ya kamera wiki nzima, kwahiyo unahitaji siku nyingi ili wataalamu wapige hesabu ya uwezekano wa kumkosa. Ndo maana nasisitiza daftari: kamera imewashwa lini, imezima lini, na ile picha ya kwanza lazima mtu ashike kibao chenye namba ya pointi. Saa nayo iangaliwe kabla ya kufunga boksi. Saa ikiwa imerudi nyuma masaa 12 basi sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayetembea mchana atasomeka anatembea usiku, na hakuna wa kugundua kama huwajui wanyama wenyewe.

Mwaka huu tulimpata minde, swala wa msituni wa jamii ya funo, na picha ile sijaacha kuiangalia. Ni usiku, amesimama ubavu, mwili mzito mweusi-mweusi, shingo nene, na kile kishungi chekundu katikati ya pembe kimelowa, sikio moja limegeukia kwenye kamera. Vijana wengine waliuliza mbona tunashangilia kipaa. Jamani, minde yupo Tanzania tu, dunia nzima hamna nchi nyingine, na picha yake ya kwanza kabisa akiwa porini imepatikana 2003, kwa kamera kama hizi hizi tunazofunga. Miaka miwili baadae, 2005, kamera zilizofungwa msitu wa Ndundulu, huku huku Udzungwa, zikapiga sange mwenye uso wa kijivu na makalio meusi ambaye hakua kwenye orodha yoyote, watu wakarudi kumkamata 2006 wakampima, karibu gramu 700, mkubwa kuliko sange wote waliokua wanajulikana, na 2008 akatangazwa rasmi kama spishi mpya. Huyo ni mnyama wa mchana, na milima hii watu wameipanda miaka yote.

Kwahiyo naomba sana kitu kimoja kuhusu picha. Picha ya minde au ya chui usiirushe kwenye magrupu mengine ukiandika na jina la kijito au bonde. Picha inafika mbali kuliko unavyodhani, na mwindaji mwenye mitego ya waya naye ana simu. Wekeni picha bila sehemu, inatosha kufurahisha.

Uharibifu ulikuwepo. Tembo waling'oa kamera na kuikanyaga, na boksi moja sisimizi walijaza mayai mpaka kwenye betri. Msimu ujao kila boksi lifutwe, mpira wa kuzuia maji ukaguliwe, na pakiti ya kunyonya unyevu iwekwe mpya, ile ya mwaka jana imeshakufa.

Tunaanza kufunga kiangazi kikishika, kwa kibali cha hifadhi na askari wakiwa pamoja na sisi kama kawaida. Anayetaka kupanda ampe katibu jina kabla ya mkutano, aseme anaweza kulala mlimani au ni wa kwenda na kurudi. Nawaomba kina mama na mabinti mjiandikishe zaidi, kwenye kuchambua picha mwaka huu ninyi ndo mlikua makini kuliko wote na nataka tuwaone na kwenye kufunga. Suala la kuhamisha pointi nimeliweka ajenda ya 4, tutalipigia kura.